Mdomo wa Saksafoni Uliovuka Korongo

Saksafoni yangu ya kwanza ya maana niliinunua bila kuipuliza. Nalisema hili mapema, kwa kinywa changu mwenyewe, kwa sababu msipolisikia kwangu mtalisikia kwa jirani yangu Bi Nambike, na yeye hulisimulia vizuri kuliko mimi.

Ilikuwa hivi. Bendi yetu ya dansi pale Same ilinituma Tanga nikachague saksafoni ya tenor kwenye duka la vyombo vilivyotumika. Kunituma mimi popote lilikuwa kosa la kwanza. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala nje ya kitanda changu mara mbili naanza kuumwa magonjwa ambayo hospitali haijayapa majina. Nimepiga muziki miaka zaidi ya thelathini, na kila bendi ilipopanga safari ndefu mimi nilikuwa na harusi ya binamu. Sisi Wapare tuna binamu wengi, hakuna aliyewahi kuwahesabu, kwa hiyo sikukamatwa.

Basi, nimesimama dukani, na ng'ambo ya barabara basi la kurudi Same limeshawasha injini. Muuzaji akanishikisha saksafoni, akaniuliza, "Hutaijaribu?" Pembeni walikuwepo akina mama wawili wanatazama kinanda. Nikaona aibu kuvimbisha mashavu mbele yao. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu, "Mimi nikiiona tu, naijua."

Mazoezi ya kesho yake, bendi nzima iko kwenye do, mimi niko kwenye re. Wakipanda, napanda nao, nikiwa juu yao noti moja nzima, kama mtu anayetembea juu ya paa la nyumba ambamo wenzake wanakula. Mnadhani nilikubali? Niliwaambia magitaa yao hayajakazwa. Wakayakaza. Uzi mmoja ukakatika ukamchapa mpiga rizimu shavuni. Ndipo Mzee Kiondo, aliyekuwa anapiga tenor kabla yangu na sasa amebaki kutusahihisha, akaichukua ile saksafoni, akaigeuza, akaweka kidole kwenye herufi C iliyopigwa mhuri karibu na namba.

"Mbonea, hii si tenor," akasema. "Huyu ni mdogo wake tenor. Wamefanana sura, lakini huyu mfupi kidogo na anaimba noti nzima juu. Hii herufi hukuiona?"

Niliiona. Nilidhani ni alama ya ubora. Nami katika masomo yangu yote ya sekondari, C ilikuwa alama ya kuchinjiwa kuku.

Nimeanza na aibu hiyo ili mjue anayewashauri ni nani. Mnanijia hapa barazani, vijana, mmebeba simu, mnanionyesha picha: "Shikamoo, Babu. Tazama hii, inang'aa, imeandikwa ya kitaalamu, tuagize?" Nawaambia marahaba, kisha nawaambia hapana. Mnaniona mzee mkaidi. Ni kweli, mkaidi, na sina mpango wa kuacha. Saksafoni haichaguliwi kwa picha, kama vile ng'ombe wa maziwa hachaguliwi kwa picha. Picha haikamuliwi.

Mzee Kiondo alinifundisha kuichagua nikiwa nimefumba macho. Hakupenda kabisa mtu atazame rangi. Alisema rangi ya dhahabu ni nguo, na wewe hutaki kuoa nguo. Alinipa saksafoni mkononi, akaniambia nipitishe vidole taratibu kwenye vibonyezo vyote, nisipulize kwanza, nisikilize tu. Kibonyezo kizima kinashuka na kurudi kimya kimya. Kinachogonga-gonga kama sufuria kimelegea kwenye ekseli zake, na fundi atakaa nacho siku nyingi. Kisha nifumbue macho, nifumbe jicho moja, nitazame bomba kutoka juu hadi chini kama mtu anayetazama ubao wa mvule kama umenyooka. Bomba likipinda hata unene wa kucha, pedi zinazofunika matundu hazikai sawa, na hapo hata upulize kwa mapafu ya farasi, hakuna kitu.

Kazi ya tochi mnaijua? Hamuijui. Unachukua balbu ndogo yenye waya mrefu, unaiteremsha ndani ya saksafoni kwenye chumba chenye giza, unafunga pedi moja moja kwa kidole chepesi. Mwanga ukichungulia ukingoni mwa pedi, hewa nayo inachungulia hapo hapo. Nasema kidole chepesi, maana mafundi wajanja hubonyeza kwa nguvu za kukanda unga, kila pedi inafunga, mteja anaridhika. Usipokuwa na balbu, chana kipande chembamba cha karatasi ya sigara, kiweke chini ya pedi, funga, kivute. Kikivutika bila kung'ang'ania, pedi inavuja hapo.

Na kwa nini tunahangaika na tundu dogo la juu wakati noti inayokataa iko chini kabisa? Mtoto wa mlimani asiniulize hilo. Mfereji wa maji ukitoboka kule juu kwa jirani, shamba la nani linakauka? La mtu wa mwisho. Noti ya chini kabisa ya tenor ndiye mtu wa mwisho kwenye mfereji. Kwa hiyo ukishika saksafoni yoyote, shuka moja kwa moja hadi chini kabisa, uipige noti ile polepole, kwa sauti ndogo ya mtu anayebembeleza mtoto. Kuipiga kwa kelele kila mtu anaweza. Ikija kwa upole bila kugugumia, saksafoni hiyo ina afya, hata kama ngozi yake ina madoa kama ndizi iliyoiva.

Sasa mdomo. Namaanisha kile kipande cha mbele unachokiingiza kinywani, chenye ridi, kile kijiti cha mwanzi kinachotetemeka, kimefungwa kwa kibano. Sisi tulikiita mdomo tu. Mtu anaweza kuwa na saksafoni ya thamani akaivisha mdomo usiofaa, ikalia kama mbuzi aliyefungiwa stoo. Na siku hizi wanawauzia mdomo ulioandikwa ubavuni kwamba ni wa jazi, mnadhani mkiupachika tu, jazi yenyewe itajitokeza. Mimi nimepiga kwenye bendi zilizojiita jazi, na midomo yetu haikuandikwa chochote. Mwingine ulifungwa kwa raba.

Mambo ya kutazama kwenye mdomo si mengi. Ingiza kidole, upapase dari ya ndani. Dari ikiwa ya chini, hewa inabanwa, sauti inatoka kali, ya kukata. Dari ikiwa juu na chumba kipana, sauti inatoka nene, yenye kivuli. Kisha tazama nafasi kati ya ncha ya mdomo na ridi. Nafasi ikiwa kubwa unahitaji ridi laini, ikiwa ndogo unaweza ridi ngumu. Vijana hupenda nafasi kubwa na ridi ngumu kwa pamoja, kwa ushujaa. Mimi nilikuwa shujaa wa namna hiyo. Kwenye harusi moja pale stendi midomo yangu ya nyama iliisha nguvu katikati ya wimbo wa kumleta bibi harusi, akaingia ukumbini kwa kupulizwa hewa tupu, fuuu, fuuu, kama anayepozwa chai.

Na mkilinganisha midomo miwili, tumieni ridi ile ile moja. Ukibadilisha ridi na mdomo kwa pamoja, hujui nani amekuponya na nani amekuua.

Mimi sasa meno ya juu ya mbele sina. Yalinitoka mawili mwaka mmoja, la tatu likafuata kwa upweke. Watu wakasema, haya, Mbonea amestaafu kweli sasa. Sikustaafu. Nilikata kiraka cha tyubu ya baiskeli, nikakigundisha juu ya mdomo wa saksafoni, ninaushikilia kwa midomo yote miwili ya nyama bila kuuma, na napiga. Sauti si ile. Lakini napiga. Anayetaka kuniambia nimechelewa kwa umri huu aje aniambie mbele ya kengele ya tenor, pale sauti inapotokea, nimjibu hapo hapo.

Nimeyasema haya yote ili nifike kwa Nakijwa, maana yeye ndiye aliyenionyesha kwamba hata baada ya kuyajua yote hayo, naweza kukosea tena.

Nakijwa ni mjukuu wa dada yangu, analelewa hapa Myamba na bibi yake kwa kilimo cha tangawizi. Alijifunza tenor kwenye bendi ya kanisa, kwa kuazima, na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akiirudisha kabatini. Mwaka huu bendi moja ya hoteli kule Moshi ikatangaza inatafuta mpiga tenor. Akawapigia simu. Mkuu wa bendi akamwambia mambo mawili: aje Alhamisi ya wiki ijayo na chombo chake mwenyewe, kwa sababu hawaajiri watu wa kuazima, na asijipe matumaini sana, kwa sababu tenor inataka kifua cha mwanaume.

Alikuja kwangu asubuhi ile ile, hajafunga hata kilemba vizuri.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nani kakukasirisha?"

"Babu, kifua cha mwanaume kina nini ambacho cha kwangu hakina?"

"Kikohozi," nikamwambia.

Hakucheka. Akaniambia, "Naomba unichagulie. Bibi amesema tangawizi ya msimu huu ni yangu. Msimu huu tu. Nikikosea, nakaa kulima."

Nikajua hapo kwamba hatuchezi. Alikuwa na siku tisa na nafasi moja ya kununua. Tenor zilikuwa mbili. Moja mpya, inang'aa hadi unajiona meno, nami nilijiona mapengo. Muuzaji wa Moshi alikubali tukae nayo wiki moja tuijaribu. Ya pili ilikuwa ya marehemu mpiga tenor wa bendi ya tarumbeta ya usharika wa jirani, imefubaa, rangi imebabuka sehemu za vidole, na ndugu zake walikuwa tayari kuiachia kwa bei nafuu. Ukoo mzima ulitaka ile mpya. Mjomba mmoja alisema Nakijwa akienda Moshi na lile chakavu ataaibisha mlima. Nikawaambia mlima ulikuwepo kabla yenu na utabaki, hauaibishwi na rangi.

Hapo sikukosea. Nilifunga madirisha, nikateremsha balbu. Ile mpya ilionyesha mwanga kwenye pedi tatu za juu, na shingo yake ilikuwa inacheza pale inapoingia kwenye bomba. Ile ya zamani ilivuja sehemu moja ndogo, nikaishughulikia kwa mikono yangu barazani, kwa moto wa kibatari kulainisha gundi ya pedi. Nakijwa akaipiga noti ya chini kabisa, polepole. Ikaja. Bibi yake, aliyekuwa anamenya viazi, akasimamisha kisu. Ile mpya tukairudisha.

Kosa langu lilikuwa kwenye mdomo.

Tulikuwa na mitatu. Wa kwanza ulikuwa wangu, mpira mgumu mweusi, aliouacha Mzee Kiondo mkononi mwangu. Wa pili tuliukuta ndani ya sanduku la ile saksafoni chakavu, plastiki ya kawaida, una alama za meno ya marehemu. Wa tatu ulikuwa wa chuma, unameremeta, umeandikwa jazi kwa herufi za mapambo, mjomba kautuma kutoka Dar. Niliutaka ule wa kwanza ushinde. Sifichi. Nilitaka Nakijwa asimame Moshi, mkuu wa bendi asikie sauti ya Mzee Kiondo, na mimi, kwa mbali, nikiwa kitandani mwangu, niwe nimefika.

Kwa hiyo nikapanga mtihani wa haki, ambao nilikuwa na hakika ya matokeo yake. Mzee Kiondo alizoea kusema ukitaka kuujua mdomo, mpeleke msikilizaji mbali. Karibu, kila sauti ni kubwa. Mbali, inabaki ile yenye mwili. Nyumba yangu na ya Bi Nambike zinatazamana, kati yetu kuna korongo. Sauti inavuka kwa pumzi moja. Miguu inachukua nusu saa na malalamiko. Nikampigia simu, nikamwomba akae mlangoni kwake, atupe mgongo, asikilize, aseme upi umemfikia.

"Nitupe mgongo kwa nini?" akauliza. "Toka huku nitauona huo mdomo wako kwa macho gani?"

"Ni taratibu za kitaalamu, Bi Nambike."

"Haya. Nimegeuka. Piga hizo taratibu."

Asubuhi ilikuwa shwari, ukungu ndio kwanza unainuka. Nikamweka Nakijwa ukingoni. Nikamwagiza apige noti moja ndefu mara tatu, kwa kila mdomo, na kimya kati yake, kwa sababu noti ndefu haina pa kujificha. Akapiga mdomo wangu mweusi. Mimi nilifumba macho, nikasikia ujana wangu. Akapiga wa pili. Akapiga wa tatu, ule wa chuma, na mbwa wa bondeni akajibu.

Nikasubiri simu. Badala ya simu nikasikia watu.

Ninyi mliokulia mjini lazima niwaeleze. Huku kwetu kazi ya wote, msaragambo, inaitwa kwa pembe. Barabara imeharibika, mfereji umeziba, pembe inalia mara tatu, ndefu, na kimya kati yake. Ukiisikia unachukua jembe unakuja. Huulizi. Nami nilizaliwa hapa, nimeitikia pembe hiyo tangu nikiwa na kaptura iliyotoboka. Na wiki ile yote watu walikuwa wanaingoja. Ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, lilikuwa limejaa tope, na msaragambo uliahirishwa kwa sababu mpiga pembe aliteremka Same kutibiwa mgongo. Haya yote niliyajua. Nilikwenda kumpa pole ya safari. Lakini kichwa changu kilikuwa kwenye mdomo mweusi.

Walitokea juu, walitokea chini, na majembe, sepetu, akina mama wamejifunga kanga viunoni, mmoja ana mtoto mgongoni. Wakapita njia ya ndiva, wakakuta hakuna kiongozi, wakafuata sauti ilikotoka hadi kwenye ukingo wangu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mbele, buti moja limefungwa, jingine bado.

"Nani kapiga pembe?" akauliza.

Nakijwa akatazama saksafoni. Mimi nikatazama ukungu.

"Mzee Mbonea, nakuuliza. Ruhusa ya kuita watu umepewa na nani?"

"Hatukuita watu, Mwenyekiti. Tulikuwa tunachagua mdomo."

"Mdomo unao. Tatizo lako siku zote umekuwa nao mwingi." Watu wakacheka, naye hakucheka. "Mimi nimemwacha mgonjwa ndani. Huyu kaacha maziwa jikoni. Unajua sheria. Anayeita ndiye anayelisha."

Ningeweza kuomba radhi pale yakaisha. Watu wengi wangeomba. Lakini jambo moja lilikuwa linanisumbua kuliko faini, nikalisema.

"Nitalisha. Ila niambieni kwanza. Mmetoka nyumbani mliposikia ipi?"

Wakatazamana. Mama mwenye mtoto mgongoni akasema, "Hiyo ya kwanza niliisikia, nikadhani ng'ombe wa mtu ana shida."

"Mimi sikuisikia kabisa," kijana mmoja akasema.

"Ilikuja kama mtu anaongea ndani ya blanketi," akasema mwingine.

"Na ya chuma?"

"Hiyo tulikuwa tumeshafika njiani. Tukasema bati la mtu limeng'oka."

"Kwa hiyo ni ya pili."

"Ya pili," Mwenyekiti akasema, akiinama kufunga buti la pili. "Ya pili iliniita kwa jina. Nilikuwa na kikombe mkononi, nimekiweka chini bila kunywa."

Wakati huo simu yangu ikalia. Bi Nambike. Hakusalimu. Alisema, "Ya pili. Na nyumbani kwako kuna nini, mbona umekusanya kijiji?"

Nawaambieni, vijana, nimeshindwa kwenye mambo mengi, lakini sijawahi kushindwa na watu wengi kiasi hicho kwa mara moja, wote wameshika majembe. Mdomo wa Mzee Kiondo ulikuwa mtamu kwangu niliyesimama hatua mbili kutoka kwenye kengele. Uliundwa kwa siku zile tunapuliza karibu na kipaza sauti kimoja, watu wanacheza wamekaribiana. Ule wa plastiki, wenye meno ya marehemu, dari yake ilikuwa ya kati tu na chumba chake cha kawaida, haukuwa na jambo lolote la kujisifia. Lakini ulivuka korongo ukiwa mzima. Nami nilikuwa tayari kumpeleka mtoto Moshi, na nafasi yake moja, kwa ajili ya kumbukumbu zangu.

Msaragambo ukafanyika, maana watu wameshatoka na tope halikuwa na pa kwenda. Mke wangu alipika makande ya sufuria kubwa mbili, na maneno aliyokuwa akiyasema jikoni siyarudii. Mimi nilipewa sepetu. Nakijwa akaanza kuvua viatu aingie tope, Mwenyekiti akamzuia. "Wewe piga," akamwambia. "Ile ya pili." Akapiga hadi ndiva ikaisha. Sijawahi kuona tope linatoka kwa haraka vile.

Siku zilizobaki tulifanya kazi moja tu, kutafuta ridi ya kufanana na mdomo ule. Ngumu ikamkaba, laini ikapiga kelele. Tukachukua ya kati, tukaisugua kidogo kwa jani la msasa, huku na huku, hadi ikatulia. Nikamwambia, huko uendako watakutaka ubadilishe. Usibadilishe kitu siku ya mtihani, hata akikuambia malaika.

Alhamisi akateremka. Aliyoyakuta kule alinisimulia mwenyewe, amekaa hapo hapo mlipokaa ninyi.

Mkuu wa bendi alilifungua lile sanduku akaguna. "Hii umeiokoa kwenye moto?" Wenzake wakacheka. Akamletea mdomo wake wa chuma, akamwambia, "Weka huu, wa kitaalamu. Huo wako ni wa shule."

Nakijwa akasema, "Kaka, ahsante. Ila nisikilize kwanza, kisha unikatae."

"Nitakusikiliza na huu."

"Hapana. Na huu wangu. Na si hapa. Wewe nenda kasimame pale getini, unipe mgongo."

Jamani. Binti wa Myamba, siku ya kuomba kazi, anamtuma mwajiri getini! Mimi nisingethubutu. Mimi ndiye yule niliyeogopa akina mama wawili wenye kinanda. Alisema mkuu yule alibaki amemkodolea macho, kisha mpiga besi akasema, "Nenda bwana, tuone," naye akaenda, akiburuza miguu. Nakijwa akapiga noti moja ndefu mara tatu. Halafu akaunganisha na wimbo wa dansi niliomfundisha barazani, wote, hadi mwisho, bila kukimbilia. Wapishi wakatoka jikoni. Mkuu alikaa na mgongo wake getini hadi wimbo ulipoisha, na aliporudi hakusema lolote kuhusu kifua. Alisema, "Jumamosi saa kumi na mbili jioni uwe hapa. Na usichelewe."

Kwa hiyo, nyinyi mnaonionyesha simu, jibu langu ni lile lile. Puliza. Puliza mbele ya watu, hata ukiona aibu. Mpeleke mtu mbali, amini masikio yake kuliko ya kwako, na asiwe mtu anayekupenda. Na atakayewaambia kwamba chombo cha kitaalamu si cha watu wa milimani, au si cha wasichana, au si cha wasio na meno, msibishane naye kwa maneno. Mwambieni akasimame getini.

Nakijwa sasa anapiga kila Jumamosi. Ameniita mara tatu nikamsikilize. Mara ya kwanza kulikuwa na mvua. Mara ya pili binamu alikuwa na harusi. Jana amepiga simu tena, anasema gari litanifuata hadi mlangoni na kitanda kipo. Nilikwenda kwa Bi Nambike kumweleza kwamba ningependa sana kwenda, ila magoti hayanipi ruhusa, Moshi ni mbali, na sauti ya Nakijwa naijua, hainipotei. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa.

"Mzee Mbonea," akasema, "umevuka korongo zima kwa miguu kuja kuniambia unaumwa magoti. Sema tu unaogopa kukaa chini ukasikiliza mtu anayepiga vizuri kuliko wewe."